Madereva wa malori na makampuni makubwa: si wivu, ni nani anabebeshwa hasara

Mleta mada, umesema mdogo wako ameajiriwa udereva na kampuni kubwa ya uchukuzi Mombasa, nyumbani mmefurahi, lakini alipopita Gongoni kuwaaga madereva wenzake wa malori ya chumvi wakampa pole badala ya hongera. Unauliza kama ni wivu au kuna jambo mnalofichwa. Mimi nimeendesha trela ya kampuni ya aina hiyo kwa miaka mingi, nikibeba chumvi ya Gongoni na Marereni kupeleka Mombasa na Athi River, na baadaye saruji ya kwenda Mokowe wakati ujenzi wa bandari ya Lamu umepamba moto. Sasa niko kwa tajiri mmoja wa hapa Malindi mwenye malori machache. Nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe, na naomba umsomee huyo mdogo wako.

Kwanza haki isemwe. Kwenye kampuni kubwa utapewa gari ambalo breki zinashika. Tairi ikiisha inabadilishwa, huambiwi uisukume mpaka wiki ijayo. Mshahara unaingia benki, NSSF inapelekwa, na ukiumia kuna bima. Tajiri mdogo mara nyingi hana hata moja kati ya hayo. Atakwambia subiri mteja alipe, na wewe nyumbani una watoto wanaorudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo. Kwa hiyo hakuna dereva mwenye akili timamu anayeichukia kampuni kwa sababu ni kubwa au ina pesa.

Kinachotuchoma ni hiki: hasara yoyote inayotokea kati ya geti la kupakia na geti la kushusha, kampuni imeshaipangia njia ya kumrudia dereva. Iwe mvua, iwe foleni, iwe mzani, iwe usalama, mwisho wa mwezi itaonekana kwenye mshahara wako.

Nianze na chumvi kwa sababu ndiyo mzigo wa kwetu. Wasiojua: maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana pale Magarini, jua likayakausha, chumvi ikakwanguliwa na kurundikwa. Ikipakiwa ikiwa ghafi, hasa miezi ya mvua, bado ina maji ndani yake. Unapimwa kwenye mzani wa kiwanda, unapewa tiketi, wewe na utingo mnafunga turubai, mnaondoka. Kabla hujavuka daraja la Sabaki, nyuma ya bodi kunadondoka. Ukilala Mariakani, asubuhi chini ya trela unakuta michirizi myeupe juu ya lami, pale maji ya chumvi yalipokaukia. Ukishika chasisi mkono unatoka na kutu. Ukifika kwa mteja unapimwa tena na kilo zimepungua.

Nani ameiba? Hakuna aliyeiba. Mtu yeyote aliyewahi kushika koleo kwenye viwanda vile anajua chumvi mbichi inashuka uzito njiani. Mwenye mzigo anajua, kiwanda kinajua, na kampuni inajua vizuri zaidi kwa sababu imebeba mzigo huo miaka nenda miaka rudi. Lakini kwenye karatasi ya kupokelea mzigo panaandikwa "upungufu", na upungufu unahitaji jina la mtu. Jina ni la dereva. Mwezi wa kwanza nilipokatwa nilikwenda ofisini na tiketi zangu zote mbili. Kijana aliyekuwa mezani, mstahifu kabisa, aligeuza kompyuta nione mwenyewe. Akaniambia, "Mzee, mimi sijakukata, mfumo ndio umekukata." Nilimwomba aje siku moja Gongoni tupakie pamoja, asimame nyuma ya gari nusu saa tu atazame chini. Akacheka, akasema hana ruhusa ya kutoka ofisini.

Hapo ndipo ilipo tofauti na tajiri mdogo. Huyu wangu wa sasa ni mkali, ana mdomo, na mshahara wake unachelewa. Lakini aliwahi kuendesha. Nikimpigia simu nikamwambia chumvi ya leo imepakiwa mbichi, anaelewa, na yeye ndiye anayezungumza na mwenye mzigo kabla sijafika. Hasara tunaizungumza watu wawili.

Mafuta nayo. Kampuni inakupa lita kwa hesabu ya kilomita. Mombasa hadi Mokowe ni kama kilomita 340, basi unatiliwa dizeli ya kilomita hizo na kidogo juu. Aliyepiga hesabu hajaiona foleni ya Mtwapa tangu kazi ya kupanua barabara ya Mombasa kwenda Kilifi ianze, unavyotambaa na gia ya kwanza na ya pili na mzigo mzima mgongoni. Wala hajawahi kusubiri msafara. Upande wa Garsen kwenda Lamu, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na mengine yaliyofuata, kuna nyakati magari hayaendi ila kwa kusindikizwa na polisi. Unafika mahali pa kukusanyika, unapanga foleni, hujui mtaondoka saa ngapi. Injini unaiacha ikinguruma, kwa sababu polisi wakisema twende, hutaki kubaki peke yako nyuma ukingoja upepo wa breki ujae. Dereva gani atazima gari pale?

Sasa huko Mombasa kifaa cha kufuatilia gari kinaandika: injini inawaka, gari limesimama. Kwa mfumo, hiyo ni dalili ya mtu anayenyonya mafuta. Lita zilizozidi zinapigwa hesabu kwa bei ya dizeli ya kituo cha mafuta, unakatwa, na juu yake unaandikiwa barua ya kujieleza. Nimewahi kuandika maelezo ya namna hiyo nikitaja kituo cha polisi, saa tuliyoondoka na idadi ya magari yaliyokuwemo. Nilijibiwa kwamba maelezo yamepokelewa. Pesa hazikurudi.

Ndugu yangu, wezi wa mafuta wapo, siwatetei hata kidogo. Wanauza kwa madumu kando ya barabara na wametuharibia jina sote. Lakini itazame hiyo dawa ya kampuni. Kila mtu anakatwa lita zinazozidi, mwizi na asiye mwizi. Mwizi ameshauza dumu lake, akikatwa hana hasara. Anayeumia ni yule ambaye hakuuza hata tone ila barabara ilimlazimisha kuyachoma. Mwaka mmoja wa namna hiyo, vijana waliokuja waaminifu wanaanza kusema, kama nitakatwa hata nisipoiba, basi. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu kutoka kwa vijana niliowafundisha mimi kurudisha trela nyuma. Yaliniuma sana.

Mafuriko ya Novemba 2023 mtakumbuka wote, maji yalipokata barabara ya Malindi kwenda Garsen pale Mbogolo. Magari yalikwama pande zote mbili. Madereva walilala kwenye vichwa vya malori na kula kwa kukopa kwa akina mama wa vibanda. Makampuni kadhaa hayakulipa posho ya siku hizo, kwa sababu posho inahesabiwa kwa safari iliyokamilika, na safari haikukamilika. Mzigo ulilindwa na nani usiku wote ule?

Halafu kuna saa za kazi. Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Iko wazi na ni sheria nzuri. Lakini ukiegesha upumzike, simu inaita: mbona umesimama? Hawakuambii uvunje sheria, hawawezi kuliandika hilo popote. Wanakwambia tu mteja anasubiri, na kwamba fulani alishafika. Gari limewekewa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo muda unaotakiwa kuufidia utautoa wapi kama si kwenye usingizi wako? Na ukisinzia ukaingia mtaroni, ripoti itasema uzembe wa dereva.

Mzani wa barabarani nao una yake. Uzito wa jumla unaweza kuwa sawa kabisa, chini ya tani 56 zinazoruhusiwa Afrika Mashariki kwa gari refu la ekseli nyingi, lakini mzigo umekaa vibaya na ekseli moja imezidi. Wewe hukupakia, alipakia mtu wa kiwandani na trekta lake. Mzani ukikataa, ni wewe utakayetafuta makuli wa kuusogeza mzigo kwa koleo, na kuwalipa kutoka mfukoni. Risiti ya makuli ofisini haitambuliki.

Sasa, kwa nini hata madereva ambao hawajawahi kuajiriwa na makampuni hayo wanayachukia? Hii ina historia yake. Treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza Januari 2018, na Agosti 2019 likatoka agizo kwamba makontena yote ya kwenda Nairobi na bara yapande treni. Mombasa watu waliandamana, na vijiji vya kando ya barabara kuu vilivyokuwa vikiishi kwa madereva vikapooza. Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za mizigo Mombasa. Katika miaka ile ya katikati niliona magari ya makampuni makubwa, yaliyokosa makontena na yaliyokuwa hayatujui kabisa, yakianza kupanga foleni Gongoni na Marereni. Mwenye malori mia anaweza kubeba kwa bei ya chini mwaka mzima ili apate mkataba. Mwenye malori matatu yenye mkopo wa benki hawezi kubeba hivyo hata miezi miwili.

Leo wengi wa matajiri wadogo wa huku wanabeba chini ya kampuni. Kampuni ndiyo iliyosaini na kiwanda, inampa tajiri mzigo kwa bei iliyokwisha kukwanguliwa, inamlipa baada ya miezi, na upungufu ukitokea inamkata yeye. Yeye atamkata nani? Waliompa mdogo wako pole wamemwona tajiri wao akiuza gari ili amalizie mkopo, na wamebaki wakingoja kibarua barazani. Usiwaite wenye wivu.

Simwambii aikatae kazi. Mimi kama ningekuwa na umri wake, na sina gari la kuendesha, ningeikubali. Lakini aingie akijua haki yake, maana wanaokatwa zaidi ni wasiouliza.

Adai barua ya ajira kabla hajashika usukani. Kazi ya miezi 3 au zaidi sheria inataka iandikwe. Aisome sehemu ya makato mstari kwa mstari. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, nasisitiza. Maji yaliyotoka kwenye chumvi si makusudi ya mtu, wala foleni ya Mtwapa. Na kifungu hicho kinasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo akiona mwezi amebakiwa na vumbi, ajue kuna sheria iliyovunjwa.

Kila safari apige picha tiketi ya mzani wa kupakia na ya kushusha, geji ya mafuta anapoondoka na anapofika, na karatasi ya kupokelewa mzigo ikiwa na muhuri. Chumvi ikiwa mbichi, aandike neno hilo kwenye karatasi mbele ya mpakiaji na amwombe atie saini. Wengi watakubali, hawana shida. Akisubiri msafara, atume ujumbe ofisini palepale kusema yuko wapi na tangu saa ngapi. Asipige simu tu, simu haiachi alama. Picha hizo azihifadhi mahali pengine pia, kwa sababu simu ya kazi siku ya kuachishwa inarudishwa ofisini na kila kilichomo.

Na akiachishwa, atapewa karatasi ya kusaini kwamba amelipwa vyote na haidai kampuni kitu. Hiyo asiisaini papo hapo kwa haraka ya kupata hundi. Aende kwanza ofisi ya leba na picha zake, na ikishindikana, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapahapa Malindi, si lazima apande gari kwenda Mombasa. Ana miaka 3 ya kufungua madai tangu siku aliyotendewa. Wenzangu waliokwenda na tiketi mkononi wamesikilizwa. Waliokwenda na maneno matupu walipata tabu sana, ingawa walikuwa na haki ileile.