Mume wangu anasema namzika kabla hajafa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 59, mume wangu 66. Nyumba yetu ina ghorofa. Tuliijenga kidogo kidogo kwa miaka 14, leo tofali, kesho nondo, na humo tumelea watoto wanne. Wa mwisho ameondoka miaka 3 iliyopita. Tumebaki wawili, na vyumba vyote vya kulala viko juu.*

*Mwaka jana mume wangu aliteleza bafuni akavunjika mkono. Siku alipotolewa plasta nikamwambia: tuhamie chini. Kile chumba walichosomea watoto tukifanye cha kulala, choo cha wageni tukipanue kiwe na bafu, tuweke na vyuma vya kushikilia. Alininunia siku mbili, kisha akasema, "Unanizika kabla sijafa." Yeye anataka kiinua mgongo chake kiongeze vyumba viwili juu, wajukuu wakija wasibanane. Wajukuu wenyewe huja mara mbili kwa mwaka.*

*Binti yetu wa mwisho naye, aliposikia nataka kuhamisha vitu vyake, alilia kwenye simu akasema namfuta. Na paa linavuja juu ya korido, ila hakuna anayelishughulikia kwa sababu eti tunangoja ukarabati mkubwa. Nimechoka kuwa mtu mbaya ndani ya nyumba niliyoijenga. Nani ana haki? (Mimi mwenyewe asubuhi nashuka ngazi kiubavu nimeshika ukuta, lakini hilo si tatizo.)*

*Niliyechoka na Ngazi*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye yale mabano ya mwisho. Umeandika ukurasa mzima kuhusu mkono wa mumeo, ambao umeshapona. Magoti yako, maana anayeshuka ngazi kiubavu magoti yanamuuma, umeyapa mstari mmoja na kusema si tatizo. Sasa jiweke mahali pake. Anachosikia ni kwamba ndani ya nyumba kuna mzee mmoja, naye ni yeye, na mkewe mzima wa afya anamtengenezea chumba cha mgonjwa. Hata mimi ningenuna.

Kwa hiyo jibu la swali lako: wewe una haki katika hoja, yeye ana haki ya kuumia. Ulichagua siku mbaya na ukaanza na mwili wake. Rudi kwake, safari hii uanze na wako. Mwambie, "Baba fulani, ngazi zinanishinda asubuhi. Nataka kulala chini." Usimtajie ule mkono hata kidogo. Na si hila ninayokufundisha, maana ni kweli, na umeificha muda mrefu.

Hayo yakishasemwa, mnaweza kuzungumza mawe na saruji. Tuanze na paa, kwa sababu haliwezi kungoja mpatane. Methali ya ufa na ukuta unaijua, sitakuchosha nayo. Nitakuambia tu jambo ambalo watu wengi hawalijui: pale maji yanapodondokea mara nyingi sipo yanapoingilia. Huingia juu kabisa, yakafuata mbao za kenchi kwa mita kadhaa, ndipo yakachagua mahali pa kudondokea. Ndiyo maana mnaziba na panavuja tena. Fundi apande juu akague misumari, viungio, na pale paa linapokutana na ukuta. Azibue na mifereji iliyojaa majani, kwa kuwa maji yakikosa njia ya kutoka hurudi ndani. Mpaka afike, taa ya hapo koridoni msiiwashe kama maji yanapita karibu na nyaya. Kazi hiyo haihitaji kikao cha ndoa wala kiinua mgongo chote. Ifanyeni mwezi huu.

Sasa vyumba viwili vya juu. Mume wako ulimpinga kwa hoja ya wajukuu, na hiyo ni hoja ya kushindwa, maana hakuna babu anayekubali kuambiwa wajukuu wake hawahitaji nafasi. Muulize swali jingine: msingi wetu ulipimwa kubeba uzito gani? Nyumba iliyojengwa kidogo kidogo kwa miaka 14 huenda ilijengwa kwa hesabu ya ghorofa iliyopo, si ya vyumba vitakavyofikiriwa baadaye. Ukiongeza kuta na zege juu, uzito wote huo unateremka mpaka kwenye msingi, na msingi ukilemewa hausemi mapema. Tafuteni ramani ya nyumba, mumwite mhandisi wa majengo, si fundi anayegonga ukuta kwa ngumi na kusema "huu mzima, bosi". Mhandisi huyohuyo ndiye atakayewaambia ukuta upi wa chini unaweza kutobolewa ili kupanua choo na upi umebeba ghorofa nzima mgongoni. Lipeni hiyo ada kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji. Huenda akamaliza ugomvi wenu bila kujua kwamba kulikuwa na ugomvi.

Hapo kwenye choo cha wageni nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakoharibu. Pima mlango kwanza. Ufungue mpaka mwisho, upime uwazi unaobaki, si fremu. Milango ya vyoo mara nyingi ndiyo myembamba kuliko yote nyumbani. Mnataka uwazi usiopungua sentimita 80 au zaidi kidogo, hapo mtu mwenye gongo, mwenye kiti cha magurudumu, au mama aliyebeba mtoto na beseni atapita bila kujikwaruza. Kisha, na hili nalisisitiza, mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani ya choo kidogo huangukia nyuma ya mlango. Ukiwa unafunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaouzuia, nanyi mko nje mnasukuma. Kitasa kiwe cha kufungulika kwa nje pia, hata kwa sarafu.

Sakafu ya bafu isiwe na kizingiti. Iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na chini ya vigae kuwe na tabaka la kuzuia maji lililopanda mpaka ukutani. Kabla fundi hajabandika kigae hata kimoja, mwambie azibe tundu, ajaze maji sakafuni, ayaache saa 24. Yakipungua, kuna mahali yanapenya. Atalalamika. Mwache alalamike. Na vigae vinavyong'aa kama kioo waachieni wenye sebule za picha. Bafuni chukueni vigae vidogo visivyong'arishwa, ile mistari mingi katikati yake husaidia mguu kushika.

Vyuma vya kushikilia vina hadithi. Nilipofika miaka 68 niliweka changu, kizuri, kinametameta. Siku ya pili nikasema nikijaribu kwa uzito wangu wote, kikabaki mkononi pamoja na kigae chake. Fundi alikuwa amekifunga kwa skrubu fupi ndani ya kigae na plasta tu, kana kwamba ni cha kutundikia taulo. Alikuwa keshalipwa, na simu yake tangu siku hiyo haipatikani. Kwa hiyo skrubu zifike kwenye tofali au zege, na kama ukuta ni wa mbao au ubao mwepesi, wekeni ubao mnene nyuma yake kabla ya kuufunika. Kimo kiwe kati ya sentimita 85 na 90 kutoka sakafuni, na nafasi kati ya chuma na ukuta isizidi sentimita 4 hivi: vidole vipite, mkono usizame ukanasa. Kama mumeo bado hataki kuviona, wekeni ule ubao au tofali imara sasa hivi, vyuma mtavifunga siku mkivitaka. Kutayarisha ukuta wakati uko wazi ni kazi ndogo sana. Kuuvunja upya baada ya vigae ndiko kunakouma.

Na hapa ndipo unapoweza kuwakutanisha wajukuu na babu yao. Alikuwepo msanifu majengo wa Marekani, Ronald Mace, aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu sehemu kubwa ya maisha yake. Yeye ndiye aliyelipa jina wazo la usanifu kwa wote: usijenge kitu maalumu cha wazee na walemavu pembeni, jenga cha kawaida kinachomfaa kila mtu. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni 7 za wazo hilo. Liangalie ndani ya nyumba yako. Bafu lisilo na kizingiti linamfaa mwenye magoti na linamfaa mtoto anayejifunza kutembea. Kitasa cha mkono, kile cha kubonyeza chini, hufunguliwa na mwenye vidole vigumu na pia aliyebeba mtoto aliyelala. Vishikio viwili vya ngazi, kimoja kila upande, ni vyenu na ni vya wajukuu. Chumba cha chini kitaitwaje, hilo mwachie babu. Kikiitwa chumba cha wajukuu mnamolala ninyi wakati hawapo, nyumba haitaanguka.

Mlango wa mbele nao, mkiamua kuweka mteremko badala ya vidato, usikubali ule mkali unaofanana na wa kupandishia gari. Kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, zinatakiwa 12 za urefu. Vidato viwili vya sentimita 15 kila kimoja vinadai mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Ni mrefu, najua. Kama uwanja hautoshi, ongezeni vishikio na kidato kimoja zaidi ili kila kimoja kiwe kifupi, na vyote viwe na kimo kimoja. Mguu huzoea kimo cha kidato kabla macho hayajatazama, na kile kimoja kilichozidi kidogo ndicho huangusha watu.

Taa sitazieleza sana. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa 20, basi msibanie. Swichi za ngazi ziwe mbili, juu na chini, na njia ya usiku kutoka kitandani hadi chooni iwe na taa ndogo isiyozimwa.

Juu je? Mkishahamia chini, msifunge vyumba na kutupa ufunguo. Chumba kisichokaliwa huharibika haraka kuliko kinachokaliwa: unyevu, mchwa, ukungu nyuma ya kabati. Fungua madirisha mara kwa mara, na kila baada ya wiki mbili mwaga maji kwenye sinki, choo na tundu la bafu la juu. Lile kona la bomba hubaki na maji kidogo yanayozuia harufu ya mtaro isipande. Yakikauka, nyumba nzima itanuka nanyi mtamlaumu panya. Mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya mvua, mume wako azunguke nje na ndani na daftari: nyufa, mifereji, mabomba yanayotoa jasho, nyaya. Mpe kazi hiyo yeye. Ni kazi ya mwenye nyumba, na kwa ninavyomsoma, hicho ndicho anachoogopa kupoteza.

Kuhusu binti, sitakubembeleza. Mtu mzima mwenye mlango wake wa kufunga hawezi kumwekea mama yake makumbusho ya kulinda. Lakini usimhamishie vitu akiwa hayupo, hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kulia. Mpangie mwisho wa wiki aje, mkae wawili sakafuni, mpange mafungu matatu: ya kuondoka nayo, ya kugawa, na sanduku moja utakalomtunzia. Sanduku moja, si mawili. Na zile alama za urefu wao mlizokuwa mkichora kwenye fremu ya mlango, kama zipo, mwambie fundi aing'oe fremu nzima taratibu, usikubali apake rangi juu yake. Hilo nililikosa mimi, na mpaka leo naujua ukuta ulionikosesha.

Mfuatane hivi: paa, mhandisi, choo cha chini, chumba, ngazi. Msifungue kazi mbili kwa wakati mmoja, na acheni choo cha juu kikiwa kizima mpaka cha chini kikauke kabisa. Pesa ikiishia chumbani, ishie hapo. Ngazi zitangoja, mtakuwa hamzipandi tena kila siku.

Mzungumze Jumamosi asubuhi, baada ya wewe kushuka kiubavu kama kawaida yako. Safari hii acha akuone. Kisha uniandikie, nataka kujua ni nani kati yenu atakayekuwa wa kwanza kukishika kile chuma.

Shangazi