Jibu: Kuteremka Ziwa Michaelson jioni kutokea Hall Tarns

Mkuu, hapana. Umeandika mtafika Hall Tarns, kambi ya juu Mlima Kenya, saa tisa mchana, mtaweka mahema, halafu mtateremka Ziwa Michaelson "kwa kuwa liko hapo chini tu", mpige picha za machweo na mrudi kula. Kesho yake mkaone ziwa la barafu la Lewis "kwa vile ni jirani". Aliyekupangia safari hiyo ama hajawahi kupanda Mlima Kenya, ama anauza machela.

"Hapo chini tu" ni kweli tupu, na ndiyo shida yenyewe. Ukisimama juu ya lile jabali wanaloliita The Temple, ziwa liko chini ya vidole vyako, kama mita 300 za genge. Maji meusi, kimya, unaona mpaka mashungi ya nyasi ukingoni. Kila anayefika pale anasema nusu saa. Na sisi tulisema nusu saa, maana jamaa tuliyempata mtandaoni, aliyejiita mwongozaji, alituapia kwamba kuna njia ya mkato kwenye korongo pembeni.

Korongo lipo, sikatai. Mwanzo ni nyasi za mashungi, ukishika zinashikika. Halafu changarawe inayotembea nawe. Halafu mawe yenye ukoga uliolowa, kisha korongo linakatika, hakuna kitu, ni hewa. Tulipogeuka turudi juu, ukungu ulikuwa umeshatufunika. Bonde la Gorges, lenye hilo ziwa, limefungukia mashariki, kwa hiyo hewa yenye unyevu kutoka Chogoria kule chini hulipanda mchana, na saa kumi huoni buti zako. Bingwa wetu akasema tusubiri upite. Mwenzangu akakanyaga shungi likang'oka na mizizi yake, goti likazunguka upande ambao goti halizunguki.

Tulilala palepale, tumeegemea shina la senesio, ule mmea mkubwa wa mlimani, yale majani yake makavu yakitudondoshea maji shingoni usiku kucha. Asubuhi jaketi langu lilikuwa gumu kwa umande ulioganda, na pimbi mmoja alikaa juu ya jiwe akitutazama kama karani wa mahakama. Kumtoa majeruhi, wabebaji, gari la kutoka getini, hospitali: jumla ilizidi gharama ya safari yote. Mwenzangu hadi leo akipanda ngazi anashika ukuta. Na yule jamaa, bila haya, akatudai posho ya siku ya ziada! Siku ya ziada, mkuu. Nilimlipa kwa maneno ambayo moderata hataniruhusu niyaweke hapa.

Kwa hiyo shika moja tu: mlimani usipime umbali, hesabu mistari ya kontua, ile ya ramani inayoonyesha mwinuko. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita moja ni mita 500, na toka The Temple mpaka ziwani ni kama upana wa ukucha. Mtu akikuonyesha hapo kwa kidole utaona ni karibu. Sasa tazama mistari kwenye huo ukucha ilivyobanana mpaka imekuwa doa la kahawia. Doa hilo ndilo genge. Njia za kufika ziwani zipo, ila zinazunguka, na zinataka nusu siku yenye mwanga pamoja na mtu aliyewahi kuzipita kwa miguu yake mwenyewe.

Hiyo "jirani" ya Lewis nayo ni hesabu ileile. Kati ya maziwa hayo mawili kuna mgongo wa mlima wa Lenana, ambao kilele chake ni mita 4,985. Maji ya Lewis yanaingia bonde la Teleki, yanakuwa mto Naro Moru na kuishia Ewaso Nyiro kule kaskazini kukavu. Ya Michaelson ni mto Nithi, yanakwenda Tana hadi Bahari ya Hindi. Majirani gani hao waliopeana mgongo hivyo?

Umesema umeshapanda Kilimanjaro, na hapo ndipo wengi tunapopotoka. Kule, kilele cha Kibo ni mteremko mrefu usio na maziwa. Mlima Kenya ni zee la volkano lililokwanguliwa na barafu mpaka likabaki koo lake, yaani vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), na mabonde yenye kuta wima pembeni. Michaelson limelala kwenye shimo lililochimbwa na barafu ya zamani sana. Ukitaka ziwa lenye mto wa barafu mteremkoni juu yake, ni Lewis, maji ya kijani yenye unga wa mawe, na uwahi: barafu hiyo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010.

Halafu machweo gani? Vilele viko magharibi ya bonde. Jua linajificha nyuma yake mapema, ziwa linabaki kivulini. Picha ni alfajiri, ukiwa juu, umekaa, chai mkononi.

Uliuliza na mahema, viatu na bei, sijui na nini tena. Watajibu wengine. Wewe weka hapa picha ya hiyo ramani aliyokutumia, nione kama ina mistari au ni mshale mwekundu tu.