Maswali na Majibu: Je, Marekani Inaweza Kuishi Bila Kodi ya Mapato?

Barua nyingi za miezi hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: serikali kuu ya Marekani ifute kodi ya mapato, na mahali pake iweke nini? Wengi wa walioandika wanaishi na kufanya kazi huko. Wachache wameandika kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Kabla sijajibu, ninaomba tuweke akilini kiasi kimoja, kwa sababu bila hicho mjadala hauna mizani. Katika mwaka wa fedha wa 2024, kodi ya mapato ya watu binafsi iliiingizia serikali kuu takriban dola trilioni 2.4, karibu nusu ya mapato yake yote. Kila anayependekeza mbadala anadaiwa jibu la swali moja: fedha hizo zitatoka mfukoni mwa nani?

Hapa Texas hatulipi kodi ya mapato ya jimbo na maisha yanakwenda. Kwa nini taifa zima lisifuate mfano wetu? (Msomaji, Houston)

Mnalipa, ila kwa mlango mwingine. Kodi ya mauzo ya jimbo la Texas ni asilimia 6.25, na pamoja na ile ya miji na kaunti inafika 8.25. Kodi ya nyumba na ardhi ni miongoni mwa zile nzito zaidi nchini, na mpangaji asiyemiliki hata tofali moja anailipa ndani ya kodi ya pango bila kuiona. Wapiga kura wa Texas waliamua mwaka 2019 kuipiga marufuku kodi ya mapato katika katiba ya jimbo lao, na hiyo ni haki yao. Lakini jimbo halilipi wanajeshi wa taifa, halilipi riba ya deni la taifa, wala halilipi pensheni za Social Security. Waliotaka mfano wa jimbo wangetazama Kansas pia. Gavana Sam Brownback alipunguza sana kodi ya mapato mwaka 2012, bajeti ikapwaya, na mwaka 2017 wabunge, wengi wao wa chama chake mwenyewe, waliifuta sheria hiyo wakiipita kura yake ya turufu.

Nimesikia kwamba mpango wa FairTax utatutoza asilimia 23 tu na kuifuta IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Je, si nafuu kwetu? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Swali hili nimelipokea mara nyingi kuliko lolote, na karibu kila mara likiwa na tarakimu hiyo hiyo isiyofafanuliwa. Nitalijibu kwa urefu ili nisilazimike kulirudia.

Mswada wa FairTax uliwasilishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na mbunge John Linder wa Georgia, na umerudishwa mara kwa mara tangu wakati huo. Mwaka 2023 aliuwasilisha Buddy Carter, naye pia wa Georgia. Haujawahi kupita katika Baraza la Wawakilishi. Unakusudia kufuta kodi ya mapato ya watu na ya kampuni, makato ya mshahara ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee), pamoja na kodi ya mirathi, kisha kuweka kodi moja ya mauzo ya rejareja kwa bidhaa mpya na huduma. Neno huduma ni pana: pango la nyumba limo, na ada ya daktari imo.

Sasa hiyo asilimia 23. Chukua kitu ambacho muuzaji anakiuza dola 100. Chini ya mpango huu utalipa dola 130, yaani 100 za muuzaji na 30 za serikali. Waandishi wa mswada wanagawanya 30 kwa 130 na kupata 23. Sisi tuliozoea kodi ya ongezeko la thamani hatuhesabu hivyo. VAT ya Tanzania ni asilimia 18 juu ya bei, na kwa hesabu ya FairTax ingeitwa 15 na kitu. Ile ya Kenya ya 16 ingeitwa chini ya 14. Kwa lugha tunayoitumia dukani, FairTax ni kodi ya asilimia 30. Hata hiyo inatia shaka. Jopo lililoundwa na Rais George W. Bush mwaka 2005 lilikadiria kodi ya mauzo ambayo ingechukua nafasi ya kodi ya mapato peke yake, makato ya mshahara yakibaki palepale, na likapata kiwango cha asilimia 34 juu ya bei, na kikubwa zaidi iwapo ukwepaji ungeongezeka.

Nao ungeongezeka. Kodi ya rejareja yote hukusanywa katika hatua moja ya mwisho, kwenye kaunta, na pale ambapo mnunuzi na muuzaji wote wawili wananufaika risiti isipoandikwa, haitaandikwa. Sweden mwaka 1969 na Norway mwaka 1970 ziliacha kodi ya mauzo ya rejareja na kuhamia VAT, ambayo hukusanywa kidogo kidogo katika kila hatua na ambayo humfanya mfanyabiashara aidai risiti mwenyewe ili arudishiwe kodi aliyolipa.

Kwa haki lazima niseme kwamba mpango huu hauwatupi maskini moja kwa moja. Kila kaya ingelipwa kila mwezi kiasi cha kufidia kodi ya matumizi ya lazima. Hata hivyo, malipo hayo yanakusudiwa wakaaji halali wenye nambari za Social Security. Ndugu zetu wanaolipa kodi leo kwa nambari ya ITIN, ile ya walipa kodi wasio na nambari ya Social Security, wangelipa asilimia 30 kwenye unga, nauli na pango bila kurudishiwa hata senti. Mzigo mkubwa ungeishia kwa watu wa kipato cha kati, kwa sababu tajiri hutumia sehemu ndogo ya anachopata na kuwekeza kilichobaki, na kilichowekezwa hakiguswi.

Kuhusu IRS, kufuta jina la ofisi hakufuti kazi yake. Mtu atalazimika kukagua mamilioni ya maduka na kutuma malipo ya kila mwezi kwa kila kaya nchini.

Je, ni kweli kwamba kodi ya mapato ni kinyume cha katiba na mtu anaweza kukataa kuilipa?

Si kweli. Marekebisho ya 16 ya Katiba yaliidhinishwa mwaka 1913, na Mahakama ya Juu ikathibitisha kodi hiyo mwaka 1916. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na ninasikitika kwamba bado kuna wanaouza semina na vijitabu vya kulidanganya kundi la watu wasiojua. Adhabu ya kuwasilisha ritani yenye hoja hizo ni dola 5,000, bila kuhesabu kodi yenyewe na riba. Mwigizaji Wesley Snipes, mwenye uwezo wa kuajiri mawakili awatakao, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 2008 kwa kutowasilisha ritani. Aliye na kibali cha ukaazi anahatarisha zaidi ya fedha.

Rais Trump amesema ushuru wa forodha unaweza kuchukua nafasi ya kodi ya mapato, kama zamani. Kwa nini isiwezekane? (Msomaji, Mombasa)

Mwaka 2024 Marekani iliagiza bidhaa za takriban dola trilioni 3.3. Ili kupata trilioni 2.4 humo, ushuru ungepaswa kuzidi asilimia 70, na kwa sharti kwamba hakuna mtu anayepunguza kununua. Mtu wa Mombasa, anayeishi kando ya bandari, anajua kinachotokea kwa mizigo bei inapopanda kiasi hicho: haiji. Katika mwaka wa fedha wa 2024 ushuru wa forodha ulileta takriban dola bilioni 77, kiasi kisichofikia makusanyo ya siku 12 ya kodi ya mapato. Viwango vilipandishwa sana mwaka 2025 na makusanyo yakaongezeka, lakini umbali uliobaki hauzibiki.

Ama kuhusu zamani, hapo ndipo historia inaposahauliwa. Katika karne ya 19 serikali kuu iliishi kwa ushuru wa forodha pamoja na ushuru wa pombe na tumbaku, lakini ilikuwa serikali isiyo na Social Security, iliyoanza 1935, wala Medicare, iliyoanza 1965. Na wananchi hawakuridhika nayo. Wakulima wa kusini na magharibi walilalamika kwamba ushuru ulipandisha bei ya jembe na nguo huku wenye viwanda na reli wakikusanya utajiri usioguswa. Bunge lilijaribu kodi ya mapato ya asilimia 2 mwaka 1894, na Mahakama ya Juu ikaibatilisha mwaka uliofuata kwa kura tano dhidi ya nne. Ilibidi katiba irekebishwe. Sheria ya Oktoba 1913 iliyoanzisha kodi hii ndiyo hiyo hiyo iliyopunguza ushuru wa forodha, na kiwango chake kilikuwa asilimia 1 kwa anayezidi dola 3,000 kwa mwaka, hadi 7 kwa matajiri wakubwa. Kwa hiyo kodi ya mapato yenyewe ndiyo iliyokuja kama mbadala, na iliubadili mfumo ambao leo tunaambiwa tuurudie.

Kiwango kimoja kwa wote, maskini na tajiri, si ndiyo haki na urahisi?

Urahisi hauko hapo. Viwango saba vya sasa, kutoka asilimia 10 hadi 37, ni jedwali linalosomwa kwa dakika moja. Ugumu uko katika kuamua mapato ni nini na nani anasamehewa nini. Robert Hall na Alvin Rabushka wa Chuo Kikuu cha Stanford walipendekeza asilimia 19 mwaka 1981, na Steve Forbes akagombea urais mwaka 1996 kwa ahadi ya 17. Katika mpango wa wasomi hao, mtu binafsi angetozwa kwa mshahara na pensheni tu. Riba, gawio na faida ya hisa zisingetozwa mkononi mwake, kwa hoja kwamba biashara imeshazilipia. Msomaji anayeishi kwa mshahara apime mwenyewe. Urusi ilikuwa na asilimia 13 kwa wote kuanzia 2001, na mwaka 2021 ikarudisha ngazi.

Kwa nini wasitoze senti chache tu kwa kila muamala wa benki na simu? Hakuna atakayehisi. (Msomaji, Dar es Salaam)

Ninashangaa swali hili kutoka Dar es Salaam. Tozo za miamala ya simu zilianza Julai 2021, na kilio kilikuwa kikubwa kiasi kwamba zilipunguzwa kwa asilimia 30 katika wiki chache. Uganda iliweka asilimia 1 Julai 2018 na ikalazimika kushuka hadi nusu ya hiyo, kwa kutoa fedha tu. Watu walirudi kwenye noti. Kampuni ya Marekani ingefanya vivyo hivyo kwa njia zake, kwa kuungana na wauzaji wake ili miamala isipite benki.

Nimestaafu Minnesota na akiba yangu ilishakatwa kodi ya mapato. Kodi ya mauzo ikija, nitalipa tena?

Ndiyo, utalipa mara ya pili, na mpango wowote usio na kifungu cha mpito kwa wazee unakudhulumu.

Una maoni gani kuhusu kodi ya ardhi ya Henry George, yule mwanauchumi wa Marekani wa karne ya 19?

Ninaiheshimu kuliko zote. George alifundisha tangu 1879 kwamba thamani ya kiwanja huletwa na jamii inayokizunguka, si na mwenye hati, na kwamba ardhi haiwezi kufichwa wala kuhamishwa ng'ambo. Kikwazo ni katiba. Kodi ya moja kwa moja ya serikali kuu, isipokuwa ya mapato, lazima igawanywe kati ya majimbo kwa idadi ya watu. Jimbo lenye asilimia 1 ya watu lingedaiwa asilimia 1 ya kodi, hata kama thamani ya ardhi yake ni nusu tu ya asilimia 1 ya thamani ya ardhi yote ya nchi. Mwenye shamba Mississippi angetozwa kiwango kikubwa kuliko mwenye kiwanja Manhattan. Hoja hiyo hiyo inaikabili kodi ya utajiri aliyoipendekeza Seneta Elizabeth Warren mwaka 2019. Kodi ya ardhi ni ya miji na majimbo, na huko ninaitakia heri.

Basi wewe ungechagua nini?

Ningeongeza VAT ya wastani, na mapato yake yatumike kuwaondoa watu wengi katika kodi ya mapato, ambayo ingebaki kwa wenye vipato vikubwa. Profesa Michael Graetz ametetea mpango wa namna hiyo kwa miaka mingi. Marekani ndiyo nchi pekee ya OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, isiyo na VAT, na wanasiasa wake wanaiogopa tangu Al Ullman wa Oregon, mwenyekiti wa kamati ya kodi ya Baraza la Wawakilishi, alipoipendekeza 1979 na kupoteza kiti chake 1980. Sisemi kwamba kodi ya matumizi haina maumivu. Wakenya wanakumbuka VAT iliyopendekezwa kwenye mkate mwaka 2024. Ndiyo maana nataka kiwango kidogo na fidia kwa kaya maskini, zenye nambari yoyote ya kodi.

Lakini kwanza msomaji achukue hati yake ya mshahara. Kaya ya mume, mke na watoto wawili wadogo yenye dola 40,000 kwa mwaka 2025 inaondolewa dola 31,500 kabla ya hesabu. Kwa 8,500 zinazobaki kodi ya mapato ni 850, na nafuu ya watoto, ikiwa watoto na angalau mzazi mmoja wana nambari za Social Security, huifuta yote na kurudisha ziada. Makato ya Social Security na Medicare, asilimia 7.65, ni dola 3,060, wala hayana msamaha wa kuanzia. Aliyejiajiri, kama madereva wengi wanaoniandikia, analipa pande zote mbili, asilimia 15.3 ya karibu faida yake yote. Mipango mingi ya "kufuta kodi ya mapato" haigusi mstari huo. Anayekuahidi nafuu, mwonyeshe mstari huo kwa kidole na umwombe akuambie kitabadilika nini.

Ile asilimia 1 kwenye fedha tunazotuma nyumbani, ndiyo mbadala wenyewe umeanza?

Hapana, ni nyongeza. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaitoza kuanzia 1 Januari 2026 kwa anayelipia kwa fedha taslimu, hundi ya benki au hawala ya posta. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa huko, haitozwi. Pendekezo la awali lilikuwa asilimia 5 kwa wasio raia. Fungueni akaunti, na mama zenu mnaowatumia kwa kupitia wakala wa taslimu waelezeni kwa nini njia imebadilika.