Chai ya nyumbani: anza na maji, viungo baadaye

Ndugu yangu, umeuliza mbona chai unayopika tangu uhamie Kisauni, Mombasa, haifanani na ile ya nyumbani bara, ilhali pakiti ni ile ile, na uanzie wapi kujifunza. Waliotangulia wamekujibu hiliki na mdalasini. Mimi nakwambia maji.

Visima vingi vya huko vina chumvi. Hata utie majani mazuri ya Kericho, chai inatoka nyeusi tititi na ladha imepooza. Nunua mtungi wa maji matamu kwa wenye mikokoteni uweke wa kunywa na chai tu. Kuoga na kufua endelea na kisima. Kama huamini, pika strungi (chai isiyo na maziwa) mbili, kila moja kwa maji yake, majani kipimo kimoja, uonje.

Kuhusu majani, usihangaike na pakiti za ng'ambo. Mnada wa chai ulihamishwa hapa Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na mpaka chai ya Rwanda, Uganda na Burundi huuzwa hapa. Chai yetu nyingi ni ya punje, imekatwakatwa na mashine, kwa hivyo hukolea upesi. Ukikuta daraja limeandikwa, BP1 ni punje kubwa kidogo, PF1 ndogo, D1 ni vumbi. Vumbi lakoza rangi haraka, lakini ukilisahau motoni linakaba koo. Anza na PF1, pakiti ndogo. Unyevu wa Pwani huharibu majani, basi yatie kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana na uuweke mbali na bizari. Majani hunyonya harufu, na chai inayonukia pilau hata mgeni mwenye adabu ataiacha kikombeni.

Wiki ya kwanza kunywa strungi tupu. Maziwa na sukari huficha makosa mengi. Maji yachemke sawasawa, tia majani kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, epua, funika dakika tatu hadi nne, chuja. Ikiwa kali punguza dakika, usipunguze majani.

Ukishaizoea, ingia kwenye maziwa. Hapa wengi hulia kwamba maziwa yamekatika wakamlaumu muuza maziwa, kumbe ni tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto ndio unaokiua. Iponde, itie kwenye maji yakiwa baridi, ichemke dakika kadhaa mpaka jikoni kote kunukie. Ndipo utie majani, kisha maziwa. Ikipanda punguza moto, ishuke, ipande tena, basi.

Hiliki iponde na maganda yake. Karafuu moja yatosha sufuria nzima; mbili zikiingia utadhani umekunywa dawa ya meno. Masala ya pakiti mimi siyapendi, mengi yamekaa dukani mpaka yamebaki unga tu. Nenda Marikiti, sokoni mjini Mombasa, ununue viungo vizima, kidogo kidogo.

Chai ya kubaki ichuje kabla hujaitia kwenye chupa, kwa sababu majani yakibaki mle yatazidi kutoa uchungu mpaka jioni. Na chupa ya chai usiitilie kahawa, harufu yake haitoki hata uisugue vipi.