Baa kongwe za vijiji vya Uingereza: maswali yenu

Ni kweli boriti za baa hizi zilitoka kwenye meli zilizovunjwa?
Mara nyingi si kweli, hata mwenye baa akiapa. Yale matundu matupu kwenye boriti, ambayo watu hudhani ni ya meli, ni mahali ulimi wa mti mwingine ulipoingia ukafungwa kwa kigingi cha mbao. Ama boriti ilitolewa kwenye nyumba ya zamani zaidi, ama palikuwa na ukuta ukabomolewa. Na weusi wa ukumbini kwa kawaida ni rangi iliyopakwa baadaye. Weusi wenye historia uko darini: panda na tochi, na ukikuta kenchi zimeganda masizi, jua moto uliwashwa katikati ya ukumbi na moshi ukatokea paani, kabla dohani hazijaenea vijijini.

Lipu ya nje inabanduka na nguzo zinaoza chini. Tatizo nini?
Karibu kila mara ni saruji. Kuta hizi ni fremu ya mwaloni iliyojazwa fito na kukandikwa udongo. Mwaloni ulichongwa mbichi, ukajipinda ulipokauka, na bado hucheza kidogo kwa majira. Saruji haichezi: inapasuka, mvua inapenya kwenye nyufa, kisha maji hayana pa kutokea. Chomeka bisibisi kwenye mti wa chini unaobeba nguzo. Ikizama kama kwenye keki, kuoza kumeshaingia. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugonjwa huu kwenye kuta zao za mawe na chokaa.

Bandua saruji kwa tindo na nyundo, polepole, kisha uache ukuta ukauke. Ziba mapengo kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majani makavu ya ngano. Ukikauka, lowesha na upige lipu ya chokaa: chokaa iliyozimwa sehemu 1, mchanga mkali sehemu 3, na manyoya ya mbuzi kwenye mkono (tabaka) wa kwanza ili isipasuke. Kila mkono usizidi milimita 10 hivi. Usifanye kazi hii kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 5, kwani barafu huivunja lipu mbichi. Malizia kwa chokaa nyepesi, mikono 4 au 5. Rangi ya plastiki itarudisha tatizo lilelile.

Kabla ya yote, uliza halmashauri. Jengo likiwa limeorodheshwa kama urithi, kulibadili bila kibali ni jinai.

Kwa nini vibao vya baa vina picha?
Wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1393, enzi za Richard II, wauza pombe wa London walilazimishwa kutundika alama. Paa dume mweupe, anayeonekana hadi leo kwenye baa nyingi, alikuwa nembo ya mfalme huyo.

Mbona baa nyingine ni kijumba cha kawaida tu?
Sheria ya mwaka 1830 ilimruhusu mtu anayelipa kodi ya majengo kuuza bia kwa leseni ya gini 2 (fedha ya zamani ya Uingereza), bila kupita kwa mahakimu. Watu waligeuza sebule zao kuwa baa. Mahakimu walirudishiwa mamlaka ya leseni hizo mwaka 1869.