Ukipata dai la hakimiliki, usikimbilie kufuta video yako

Wapiga video wenzangu hapa Mombasa, wakiona tu barua pepe ya YouTube yenye neno hakimiliki, wengi wao hufuta video papo hapo. Nawasihi, tulia kwanza usome umepelekewa nini.

Dai na onyo ni mambo mawili. Dai kwa kawaida hutoka kwa mfumo uitwao Content ID, unaolinganisha kila video inayopakiwa na hazina ya kazi zilizowasilishwa na wenyewe. Zikioana, mwenye kazi anaweza kuizuia video, kuchukua pesa za matangazo, au kufuatilia tu inavyotazamwa. Chaneli yako haipati alama mbaya. Onyo ndilo la kuogopwa: mtu ameomba kisheria video iondolewe, na maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli.

Niliwahi kurekodi vugo katika harusi moja ya Mji wa Kale. Wanawake walikuwa wakipiga pembe za ng'ombe kwa vijiti, bibi mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia. Hapakuwa na spika hata moja. Nilipoipakia, kampuni fulani ya kusambaza muziki ikadai kwamba mahadhi yale ni yake. Kumbe kuna msanii aliyeyachukua mahadhi hayohayo, akayatia kinanda na kuyauza kupitia kwao. Iliniuma sana, kwa ajili ya wale kina mama hasa. Wimbo wa bibi zao ulikuwa ukiingiza pesa kwenye mfuko wa mtu asiyewajua.

Nilipinga dai. Nilikuwa na faili asilia yenye tarehe, haijakatwa popote, na kibali cha maandishi cha waimbaji. Mdai hupewa siku 30 za kujibu. Huyu hakujibu, na dai likaondoka. Ukipinga ndani ya siku 5 za mwanzo, mapato ya tangu siku ya dai huwekwa kando hadi mzozo uishe, kwa hiyo usichelewe.

Sheria yenyewe iko upande wa mtunzi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi hulindwa bila hata kusajiliwa, kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria nyingine ya mwaka 2016 inazipa jamii haki juu ya nyimbo na ngoma zao za jadi. Yule msanii ana haki ya kile alichoongeza yeye, basi. Mfumo wa YouTube haujui hayo, na ndiyo sababu ni lazima uyaseme wewe.

Lakini haki hiyohiyo inawalinda na wengine dhidi yetu. DJ akipiga wimbo wa msanii na ukaingia kwenye video yako, wimbo si wako. Kuandika chini ya video kwamba "sidai haki ya wimbo huu" hakusaidii kitu, na zile sekunde 10 zinazosemwa kuwa ni halali hazimo katika sheria yoyote ninayoijua. Mimi huuondoa wimbo, nikaacha vigelegele na vicheko vya ukumbini, kisha nikamwomba mpiga udi wa mtaani atunge kitu kipya kwa makubaliano ya malipo. Video zangu zimekuwa nzuri zaidi tangu nianze kufanya hivyo, na mpiga udi amepata kazi.

Picha zangu za jahazi na vichochoro naziachia kwa leseni ya Creative Commons. Yeyote anaweza kuzitumia, hata kibiashara, mradi anitaje. Vugo siiachii hivyo, kwa sababu si yangu peke yangu.

Kibali chenyewe ni karatasi moja ya Kiswahili cha kawaida: jina la anayeimba, mahali na tarehe, video itawekwa wapi, pesa zikiingia zitagawanywa vipi, na nani apigiwe simu mtu mwingine akitaka kuitumia. Asiyeona vizuri nasi humsomea kwa sauti mbele ya mtu wake. Kila mmoja hutia sahihi au dole gumba, na nakala moja hubaki kwao. Ifanyeni kabla kamera haijawashwa, maana harusi ikishaanza hakuna mwenye nafasi ya kukusikiliza.