Muanze na mahindi na maharage, mara baada ya mavuno

Mdogo wangu, umeuliza muanzie wapi kuweka akiba ya chakula, mkiwa wawili na mtoto mchanga, mmepanga chumba na sebule, na hela ya kununua vingi kwa mpigo haipo. Chukueni mnachokula kila siku: mahindi, maharage, mchele. Kila mshahara ongezeni debe la kitu kimoja, kuanzia mwezi wa 7 au wa 8, mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yakishaingia sokoni. Ikifika Januari kwa kawaida bei imeshapanda.

Kazi kubwa ni kutunza. Mahindi yasiyokauka huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika, kwa hiyo na mtoto ndani hapo msicheze kabisa. Kipimo chepesi: tia mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache, chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka, yatieni kwenye mfuko wa kinga njaa wenye tabaka 3. Kamua hewa, funga kila tabaka peke yake. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Uweke juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya wadhibitiwe kwanza.

Maharage yafungeni siku hiyohiyo mnayoyanunua, maana fukusi, mdudu wa maharage, huja nayo toka shambani. Dona msilimbikize, mafuta ya kiini huiharibu upesi. Sagisheni ya wiki mbili tu, na mkishatoa mahindi, mfuko mfunge tena palepale.